Kuingia si kuoana

Anayeunganisha kompyuta ya mezani nyumbani huuliza: prosesa hii inaingia kwenye ubao mama huu? Kitenzi hicho kinapoteza fedha za watu. Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa za Core za kizazi cha nane kwa soketi iliyoitwa LGA 1151, jina na umbo lilelile la vizazi viwili vilivyotangulia. Kwenye mbao za zamani ziliingia bila shida, lakini hazikufanya kazi, kwa kuwa mgawanyo wa pini za umeme ulikuwa umebadilishwa. Hata pale soketi na pini zinapolingana, kama katika familia ya AM4 ya AMD, prosesa mpya yaweza kudai BIOS mpya kwanza.

Neno linalofaa, kwa maoni yangu, ni kuoana. Kiambishi -an- kinabeba jambo ambalo kuingia hakulijui: kila upande umkubali mwenzake. Wapo watakaosema kuoana ni kwa mume na mke. Lakini tumekwisha kusema rangi za kanga na kilemba zimeoana, na hakuna aliyeshangaa. Wengine watatetea kutangamana, neno zuri, ila watu hutangamana hata wakiwa wengi na kwa kiasi tu. RAM ya DDR4 na ubao wa DDR5 havina kiasi: pini ni 288 kwa zote mbili, pengo limesogezwa kidogo, basi, havioani.