Waliofutwa kwenye Hesabu: Wenyeji wa Australia katika Vitabu vya Hospitali

Katiba ya Australia ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1901. Ibara yake ya 127 ilikuwa fupi, nayo iliagiza kwamba watu wa nchi hiyo wanapohesabiwa, Waaborijini wasitiwe katika jumla. Mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu, Alfred Deakin, aliitolea tafsiri: machotara hawamo kwenye katazo. Basi ikawa kazi ya ofisa wa sensa kupima damu ya mtu kwa macho. Aliyeonekana kuwa na zaidi ya nusu ya damu ya Kiaborijini aliandikwa, na jumla ya taifa ilipotolewa, akaondolewa.

Historia ya afya ya wenyeji wa Australia, yaani Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, lazima ianzie hapo. Dola isiyotaka kujua watu wako wangapi haiwezi kujua wangapi wanaugua, wangapi wanalazwa na wangapi wanazikwa.

Si kwamba hospitali hazikuwaona. Kati ya 1908 na 1919 serikali ya Australia Magharibi iliendesha hospitali katika visiwa viwili vikavu, Bernier na Dorre, mkabala na mji wa Carnarvon. Polisi waliwakusanya Waaborijini waliodhaniwa kuwa na magonjwa ya zinaa, wengine wakiwa na minyororo shingoni, wakapelekwa huko bila kuulizwa. Wengi hawakurudi makwao. Queensland ilikuwa na kisiwa chake, Fantome, ambako wenyeji wenye ukoma walitengwa hadi 1973. Na katika miji mingi ya mashambani, mpaka miaka ya 1960, wagonjwa weusi walikuwa na wodi yao au walilazwa barazani. Mjamzito aliyefika usiku alijua atalala wapi kabla hajaulizwa jina.

Alijua na jambo jingine. Karatasi inayomtaja kuwa Mwaborijini ingeweza kumletea ofisa wa serikali kuja kumchukua mtoto. Watoto waliondolewa kwa wazazi wao namna hiyo kwa miongo mingi, mpaka mnamo 1970. Tukumbuke hilo tunapofika kwenye dirisha la mapokezi, kwa maana ndiko mambo mengi yalikoharibikia baadaye.

Tarehe 27 Mei 1967 Waaustralia walipiga kura ya maoni. Wapo wanaosema kura hiyo ndiyo iliyowapa wenyeji haki ya kupiga kura. Si kweli, haki hiyo katika uchaguzi wa taifa walikwisha kuipata 1962. Kura ya 1967 iliifuta ibara ya 127 na kuiruhusu serikali kuu itunge sheria kuhusu Waaborijini. Asilimia 90.77 walisema ndiyo. Sensa iliyofuata, ya 1971, ikawatia katika jumla ya taifa.

Msomaji wa Tanzania huenda akajiuliza kwa nini mtu aulizwe asili yake. Kwetu sensa iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka huohuo wa 1967, na karani wa hospitali akikuuliza kabila leo, utataka kujua kulikoni. Tulikuwa na sababu zetu, na nadhani zilikuwa njema. Lakini wenyeji wa Australia ni watu wachache ndani ya taifa kubwa la walowezi: sensa ya 2021 iliwapata 812,728, asilimia 3.2 ya watu wote. Hali yao ikichanganywa katika wastani wa taifa haionekani kabisa. Wao wenyewe ndio waliosisitiza swali liulizwe, kwa sharti moja: ajibu mwenyewe, asikisiwe na mtu.

Swali lenyewe ni jepesi. Je, asili yako ni Mwaborijini au mtu wa visiwa vya Torres Strait? Majibu ni hapana, ndiyo Mwaborijini, ndiyo mtu wa Torres Strait, au vyote viwili. Hakuna robo wala nusu ya damu. Linapaswa kuulizwa kwa kila anayefika, mweupe na mweusi, mtoto na mzee. Kwa miaka mingi halikuulizwa. Karani wa mapokezi aliinua macho, akamtazama mtu usoni, akajaza kisanduku mwenyewe. Mwenye ngozi nyeupe na mama Mwaborijini akaandikwa hapana. Karani mwingine aliona haya kuuliza, asije akamuudhi mgonjwa. Na wapo wagonjwa waliokana asili yao, wakihofia kuhudumiwa vibaya, au wakikumbuka yaliyompata bibi yao.

Kwa hiyo taarifa za taifa zilipoanza kukusanywa na taasisi ya takwimu za afya, ambayo leo ni Australian Institute of Health and Welfare na ilianzishwa kwa sheria ya 1987, kulikuwa na mashimo. Kwa miaka mingi ripoti za taifa kuhusu kulazwa kwa wenyeji ziliacha nje majimbo kama Tasmania, na hata eneo la mji mkuu, kwa kuwa rekodi zao hazikuaminika. Taasisi ikaamua kupima kosa lenyewe. Wahoji waliingia wodini katika hospitali za umma, wakawauliza wagonjwa swali lilelile ana kwa ana, kisha wakafungua mafaili kuona mapokezi yaliandika nini. Ripoti iliyotoka 2013 ilikadiria kwamba asilimia 88 ya wagonjwa wenyeji waliandikwa sawasawa. Katika Northern Territory, eneo la kaskazini ambako wengi wa wanaolazwa ni wenyeji na kuuliza ni desturi, ilikuwa asilimia 98. Kwa makadirio hayo wachambuzi wanaweza kuongeza kiasi kidogo kwenye jumla ili kuwarudisha waliopotea.

Naiheshimu sana kazi ile. Ofisi ya takwimu ilikwenda kitandani kwa mgonjwa kukagua hesabu zake yenyewe, ikachapisha aibu yake bila kuificha.

Hata hivyo, kuandikwa sawasawa si kueleweka. Takwimu za hospitali za Australia hazihesabu watu, huhesabu vipindi vya kulazwa. Kila mgonjwa anapoandikiwa kutoka, awe amekaa mwezi au saa tano, hicho ni kipindi kimoja. Sasa mchukue mgonjwa wa figo. Anafika asubuhi, anapimwa uzito na shinikizo la damu, anachomwa sindano mbili mkononi, damu yake inapita katika mashine saa nne au tano, anaondoka. Keshokutwa anarudi. Ni mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, maisha yote yaliyobaki asipopata figo ya kupandikizwa. Kwenye kitabu cha hospitali mtu huyo mmoja ni vipindi 156 kwa mwaka. Ugonjwa wa figo umewaelemea mno wenyeji, na kusafishwa damu hufikia karibu nusu ya vipindi vyao vyote vya kulazwa. Gazeti linapoandika kwamba wenyeji hulazwa zaidi ya mara mbili ya Waaustralia wengine, limesema kweli, lakini msomaji anadhani ni umati wa watu kumbe nusu yake ni nyayo za watu walewale njiani. Ukiitoa hesabu ya figo, pengo hupungua sana, ingawa haliishi.

Tena kitanda si tiba. Utafiti uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba wagonjwa wenyeji, wakishalazwa, walikuwa na nafasi ndogo ya kufanyiwa vipimo au upasuaji kuliko wengine wenye maradhi yaleyale. Kwenye upandikizaji wa figo ndiko dhuluma hii inakoonekana wazi kuliko kwingine, kwa maana kuingizwa tu kwenye orodha ya kungoja ni vigumu zaidi kwao.

Nyuma ya vile vipindi 156 kuna jambo ambalo hakuna fomu iliyowahi kuliuliza. Kintore ni kijiji cha Wapintupi, zaidi ya kilomita 500 magharibi ya Alice Springs. Aliyeshikwa na figo alilazimika kuhamia mjini, mbali na nchi ya wazee wake, wajukuu na mazishi ya ndugu zake. Wengine waliikatisha tiba wakarudi kufia nyumbani. Wachoraji wa Kintore na wa kijiji kingine, Kiwirrkurra, wakaamua kuchora. Wanaume kwa wanawake walishirikiana kutoa picha kubwa za pamoja, na Novemba 2000 zikauzwa kwa mnada katika Art Gallery of New South Wales, Sydney. Mnada ulikusanya zaidi ya dola milioni moja za Australia. Kwa fedha hizo wakaunda chama chao, ambacho leo watu hukiita Purple House, na 2004 mashine ya kusafisha damu ikaanza kufanya kazi Kintore kwenyewe. Baadaye likaja lori lenye mashine, la kuwapeleka wagonjwa makwao kwa misiba na sherehe. Serikali ilifuata nyuma: Novemba 2018 ndipo Medicare, bima ya afya ya taifa, ilipoanza kulipia huduma hiyo katika maeneo ya mbali, ikitolewa na muuguzi au na mhudumu wa afya Mwaborijini.

Huyo mhudumu wa afya Mwaborijini ndiye anayetuleta kwenye hesabu ya pili. Ya kwanza ni nani amelala kitandani. Ya pili ni nani amesimama kando ya kitanda. Kwangu mimi hizi ni hesabu moja.

Lowitja O'Donoghue alichukuliwa kwa mama yake akiwa na miaka miwili, akalelewa katika kituo cha wamisionari, Australia Kusini. Alianza kazi za uuguzi katika hospitali ndogo ya Victor Harbor, kisha akaomba kusomea katika Royal Adelaide Hospital. Alikataliwa kwa sababu ya asili yake, akaambiwa aende Alice Springs akawauguze watu wake. Hakwenda. Alipigania nafasi hiyo mpaka kwa wanasiasa, na 1954 akaingia, Mwaborijini wa kwanza kusomea uuguzi pale. Akapanda mpaka kuwa sista kiongozi wa wodi. Baadaye akawa mwenyekiti wa kwanza wa tume ya taifa ya wenyeji, ATSIC, na taasisi ya utafiti wa afya ya wenyeji inabeba jina lake. Alifariki Februari 2024.

Kwa madaktari mlango ulichelewa zaidi kufunguka. Helen Milroy, anayetambuliwa kuwa Mwaborijini wa kwanza kuhitimu udaktari, alimaliza Chuo Kikuu cha Western Australia mwaka 1983. Ng'ambo ya bahari, Mmaori wa New Zealand, Māui Pōmare, alikuwa amehitimu 1899. Miaka 84 imepita katikati, na hakuna anayeweza kuniambia kwamba kwa muda wote huo hapakuwa na mtoto mwenye akili ya kusomea udaktari.

Wenyeji hawakungoja vyuo. Mwaka 1971, mtaa wa Redfern, Sydney, walifungua Aboriginal Medical Service, kituo cha kwanza cha afya kilichoendeshwa na jamii yenyewe. Leo vituo vya namna hiyo nchini kote vimepita 140. Katika Northern Territory wahudumu wa afya wa vijijini, wengi wao wanawake wanaojua lugha na koo za wagonjwa wao, walianza kusajiliwa kisheria 1985. Tarehe 1 Julai 2012 usajili huo ukawa wa taifa zima.

Kuwepo kwa watu wanaojua lugha ya mgonjwa kunaonekana hata kwenye majedwali. Tangu 2006 serikali huchapisha ripoti ya vipimo vya afya ya wenyeji, na moja ya vipimo ni wagonjwa wanaoondoka hospitalini kabla ya kuruhusiwa. Wenyeji hufanya hivyo mara kadhaa zaidi ya wengine. Zamani ilisemwa ni utoro, lawama akabebeshwa mgonjwa. Lakini huko kaskazini Kiingereza huenda ni lugha ya tatu au ya nne ya mgonjwa. Daktari anapita, anasema maneno mengi, anaondoka, na mtu hajui ana ugonjwa gani wala atakaa siku ngapi. Watafiti wa Royal Darwin Hospital walipoweka wakalimani wodini, wanaoondoka mapema walipungua. Kipimo kile kilikuwa kinaipima hospitali tangu mwanzo.

Sensa ya 2016 iliwakuta wenyeji wakiwa asilimia 1.8 ya watumishi wa afya, na wengi wao wako ngazi za chini. Miongoni mwa madaktari hawafiki asilimia 1. Mpango wa taifa wa 2021–2031 unataka wawe asilimia 3.43 ifikapo 2031. Asilimia hiyo haitatimizwa na fomu bora. Inataka mabweni na ada kwa kijana anayetoka Kintore, mshahara wa heshima kwa mhudumu wa kijijini, na mkalimani aliyepo zamu ya usiku, si ya mchana tu. Hayo ni fedha, na fedha ziko mikononi mwa serikali kuu na serikali za majimbo, ambazo zote zilitia saini makubaliano ya taifa na wawakilishi wa wenyeji Julai 2020.