Klodekoni Katika Migomba ya Martinique na Guadeloupe
Klodekoni, dawa ya kuua fukusi wa migomba, iliruhusiwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1972. Mwaka 1975 wafanyakazi wa kiwanda kilichoitengeneza huko Hopewell, Virginia, walikutwa wakitetemeka mwili, na kiwanda kikafungwa. Habari hizo hazikuwa siri. Hata hivyo Paris iliidhinisha dawa hiyo upya mwaka 1981. Ilipigwa marufuku mwaka 1990, lakini wakulima wa visiwa vya Ufaransa vya Martinique na Guadeloupe, kwa kibali maalumu, waliendelea kuitumia hadi 1993. Sumu hiyo imo ardhini bado, na katika damu ya zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo. Malalamiko ya jinai yaliwasilishwa mwaka 2006. Januari 2023 majaji wakaifunga kesi bila kumshtaki yeyote. Mahakama ya utawala ya Paris, Juni 2022, ilikuwa tayari imetambua uzembe wa serikali.