Kivuko cha Malagarasi na Elimu ya Maji

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa kupitia Tabora husimuliwa kwa habari za pembe, nguo na, kwa majonzi, watumwa. Ni nadra maji kutajwa. Hali njia hiyo, ikikaribia Ujiji, ilikatwa na mto Malagarasi.

Hapo ndipo ubabe wa wenye bunduki ulipokoma. Mpagazi wa Kinyamwezi, hodari wa mizigo na masafa, na tajiri aliyemwajiri, wote walilingana: walilipa hongo ya nguo na shanga, wakangoja mitumbwi ya Wavinza. Aliyeyajua maji ndiye aliyekuwa bwana.

Novemba 1871 msafara wa Stanley, uliokuwa ukimtafuta Livingstone, ulivuka kivukoni hapo. Punda wake mmoja, aliyeitwa Simba, alifungwa kamba avutwe huku akiogelea. Mamba akamkamata kooni, akamzamisha watu wakitazama. Punda yule aliweza kuogelea, lakini hakuokoka. Kumbe elimu ya maji si kupiga mbizi tu. Ni kujua pia mahali, wakati na hatari.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Abiria akauvuka mto ameketi. Hiyo ni neema, lakini watu wa bara tukadhani maji ni ya watu wa pwani na maziwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaangamiza mamia ya watu. Kuogelea kusingewaokoa wote, hasa waliofungiwa ndani. Lakini msiba ule ulitukumbusha kwamba kila msafiri ni mtu wa maji.

Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Mwalimu wa Tabora aanzie wapi? Aanze na methali: mfa maji hukamata maji. Akimpata mwokozi, humkamata naye, wakazama wawili. Basi mwanafunzi afundishwe kwanza kupiga kelele, kurusha kamba, tawi au dumu tupu lililofungwa vizuri, naye abaki ukingoni. Somo hilo halihitaji bwawa. Kuelea na kuogelea vifuate, katika maji salama, chini ya macho ya mjuzi.

Wavinza waliwafundisha watoto wao mto kwa sababu uliwapitia mlangoni. Watoto wetu nao wana malambo, visima na safari za mbele. Tusiwaache wakayajue maji siku ya kuzama.