Mchuuzi wa Samaki na Mabadiliko ya Jiji

Historia ya uchumi wa Dar es Salaam imeandikwa mno kwa kuhesabu bandari, viwanda na mishahara. Mwanamke anayekaanga samaki kando ya barabara hatajwi, au akitajwa huwekwa katika fungu la wasio na kazi. Kosa hilo lina mizizi ya kitabaka, na tunapaswa kulichambua.

Tuanze na mshahara. Mkoloni alimlipa kibarua wa mjini kana kwamba hana mke wala watoto. Pengo lilizibwa na jasho la mwanamke. Baada ya 1978, vita dhidi ya Idi Amin, bei ya mafuta na uhaba wa bidhaa viliporomosha thamani ya mshahara, na pengo lile likarudi. Safari hii lilizibwa kwa maandazi, mkaa na samaki wa kukaanga. Ndipo ikaja Sheria ya Nguvukazi ya 1983. Shabaha yake ilikuwa kila mtu afanye kazi, na hatuna ugomvi nayo. Lakini kazi ilipimwa kwa kitambulisho, na wengi waliokuwa wakililisha jiji wakaitwa wazururaji.

Sasa tuwafuate samaki wenyewe pale Feri. Samaki wakubwa hunadiwa, na mnada humpendelea mwenye fedha taslimu. Mwenye mtaji mdogo hungojea vibua na dagaa, au huchukua mali kauli: samaki asubuhi, fedha jioni. Samaki huoza, deni haliozi. Wasionunuliwa wabichi hukaangwa, na hapo hudaiwa pia mafuta na kuni. Kwa hiyo mahali penye wapita njia wa jioni, karibu na kituo cha basi, ni sehemu ya mtaji wake sawa na karai.

Hii ndiyo sababu soko la kisasa la Feri, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika 2002, halikumaliza tatizo. Kitambulisho cha mjasiriamali cha mwishoni mwa 2018, kwa shilingi 20,000, kilimtambua mtu, hakikumhakikishia mahali. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara na kupangiwa maeneo. Wapita njia, bila shaka, hawakupangiwa.

Mikopo ya halmashauri, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani, ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Ina faida. Lakini mkopo hulipwa kwa mauzo, na mauzo huamuliwa na wale wanaogawa meza na kuchora ramani ya vituo vya basi. Katika vikao hivyo mkaanga samaki bado haitwi.