Nyuzi Zilizovutwa: Tairi, Chukudu na Historia ya Nyenzo Mseto Mpakani Gisenyi

Historia ya teknolojia katika eneo la Maziwa Makuu huandikwa mara nyingi kama historia ya kuwasili: chombo fulani kililetwa, mwaka fulani, na watu fulani. Makala haya yanadai kwamba historia ya nyuzi za polima zilizovutwa haiwezi kuishia hapo. Mpakani mwa Gisenyi na Goma, sura yake yenye mafunzo zaidi huanza pale bidhaa inapochakaa.

Mwaka 1930, katika maabara ya DuPont nchini Marekani, Julian Hill, aliyefanya kazi chini ya Wallace Carothers, aliona kwamba uzi wa polima ukivutwa ungali baridi hurefuka mara kadhaa, kisha hukaza na kuwa imara. Molekuli zilizojikunja hujipanga kufuata upande wa mvuto, na kwa mpangilio huo huubeba mzigo kwa pamoja. Nailoni, iliyopatikana mwaka 1935, ilitegemea kanuni hiyo. Tairi, ambazo awali ziliimarishwa kwa pamba na baadaye reyoni, zilianza kutiwa nailoni katika miaka ya 1940, hasa tairi za ndege za kivita. Poliesta ikafuata katika miaka ya 1960.

Tairi, basi, ni nyenzo mseto: mpira hunyumbuka na kushika njia, nazo nyuzi huuzuia usitanuke na kupasuka. Tyubu ni mpira usio na nyuzi hizo.

Tofauti hiyo ina matumizi yake mpakani. Viazi na mboga kutoka miteremko ya Virunga hupitia Gisenyi kuelekea masoko ya Goma, na mjini humo mizigo mingi hubebwa kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na pedali. Njia zilizofunikwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002 hula mbao upesi. Kwa hiyo gurudumu huvikwa ukanda wa tairi kuukuu na kupigiliwa misumari. Mpira mtupu ungechanika kuanzia tundu la msumari, lakini nyuzi huukatiza mpasuko. Kufunga mzigo ni kazi ya ukanda wa tyubu, kwa kuwa hapo kinachotakiwa ni kunyumbuka.

Uteuzi huo si suala la uhaba peke yake. Ni maarifa ya nyenzo, yaliyojengwa kwa mkono na kuthibitishwa na mzigo. Tena yana uzito kwa mjadala wa taka: mshikamano wa mpira na nyuzi, unaoipa tairi nguvu, ndio unaofanya iwe vigumu kuvitenganisha kiwandani. Fundi anayeikata tairi bila kuvitenganisha huitunza nguvu ile iliyotiwa kwenye uzi siku ulipovutwa. Historia ya nyenzo mseto isiyomtaja fundi huyo itakuwa imehesabu nusu tu ya umri wa tairi.