Kadi Mkononi, Anwani ya Nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na duka bila anwani je?

Zamani kadi ya mfanyabiashara wetu ilibeba jina, simu na S.L.P., sanduku la kukodi Posta. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua pepe kwa kutumia alama ya @. Mwaka 1983 ukabuniwa mfumo wa majina ya mtandao, Kenya ikapata.ke mwaka 1993, Tanzania .tz mwaka 1995.

Miaka hiyo hiyo GeoCities ya Marekani iligawa kurasa za bure. Yahoo ikainunua mwaka 1999, na mwaka 2009 ikaifunga huko Marekani. Aliyechapa anwani hiyo kwenye kadi alibaki na karatasi tu.

Mchuuzi wa mtandaoni hana kiwanda wala kibaraza; anauza bidhaa za wengine. Mali yake ni jina. Jina lililosajiliwa hulipiwa ada kama sanduku la Posta, lakini akihama huhama nalo, na wateja humfuata.

Basi, ndugu msikilizaji, kabla hujamlipa mpiga chapa, uliza: anwani hii imesajiliwa kwa jina la nani?