Sanduku la Barua: Toka Ujiji ya Misafara Hata Mlangoni Pako

Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia ya kitu kidogo: sanduku la barua. Ninyi mliolisikia somo hili redioni mtayakuta maneno yale yale hapa, myasome wenyewe polepole.

Wengi wenu sasa mnaweza kuandika barua na kutia sahihi bila kushikwa mkono. Vema. Lakini jibu likija, litakungoja wapi? Mtu ajuaye kusoma, ambaye barua yake hupita mikononi mwa watu watano kabla ya kumfikia, siri yake bado iko kwa watu watano. Jambo hili lilijulikana zamani sana hapa hapa kwetu, Ujiji.

Miaka mia moja na hamsini na zaidi iliyopita, Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa biashara kando ya Ziwa Tanganyika. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji baada ya miezi mitatu au zaidi, tena kwa miguu. Ilileta vitambaa na shanga, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Wafanyabiashara wa pwani walijua kuandika, kwa herufi za Kiarabu, na barua zao zilisafiri pamoja na mizigo. Posta haikuwako. Aliyeichukua barua yako ndiye aliyekuwa posta, ndiye tarishi, ndiye na sanduku. Akipenda, barua ilifika. Asipopenda, haikufika, nawe hukuwa na pa kushitaki.

Mwezi wa Machi 1869 alifika Ujiji msafiri Mwingereza, Daktari David Livingstone, naye ni mgonjwa sana. Alipopata nafuu alikaa akaandika barua kama 40 za kupeleka pwani. Hakupata urahisi wa mtu wa kuzichukua. Baadhi ya wakubwa wa biashara waliogopa kwamba ameandika habari za watumwa, na za mambo waliyotenda bara. Barua zile, karibu zote, zilipotea njiani. Livingstone mwenyewe aliamini kwamba ziliharibiwa makusudi.

Sasa tazameni barua zilizokuja upande wa pili. Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua za Livingstone ulifungwa Unguja, ukaandikwa tarehe hiyo juu yake, ukatiwa katika msafara. Msafara ulivuka bahari ukafika Bagamoyo, na hapo ukakaa karibu siku mia moja bila kuondoka! Ulipofika Tabora ulikuta njia ya Ujiji imefungwa kwa vita, kwa kuwa Mtemi Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa mji huo. Mfuko ukalala tena. Aliyeutunza alikuwa mtu mmoja aitwaye Kaif-Halek, jina ambalo maana yake ni "u hali gani". Mwandishi wa gazeti aitwaye Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alimkuta Tabora akamchukua pamoja naye wakapita njia ya kuzunguka kusini. Wakaingia Ujiji mwezi wa Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley. Susi, mtumishi wa Livingstone, alikuja mbio kuwalaki, na Kaif-Halek akautoa mfuko wake. Stanley aliandika kwamba ulikuwa umekaa njiani siku 365.

Watu wengi hukumbuka maneno ya salamu tu aliyosema Stanley siku ile. Mimi naona Kaif-Halek alistahili kukumbukwa zaidi. Mwaka mzima alilinda karatasi zisizo zake, katika nchi yenye vita, asizitupe.

Stanley aliporudi pwani mwaka 1872 alichukua barua za Livingstone na shajara yake iliyofungwa kwa lakiri. Ndani ya barua hizo mlikuwa na habari za mauaji aliyoyaona kwa macho yake, tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, ambapo watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipiga bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza na kununua. Habari hizo zilipochapwa Uingereza ziliwachochea watu, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Hapana shaka zilikuwako sababu nyingine pia, kama manowari za Waingereza. Lakini mwaona tofauti ya barua iliyofika na barua iliyozuiwa.

Labda mtauliza, wenzetu wa Ulaya walikuwa na masanduku milangoni tangu zamani? La. Huko Uingereza, kabla ya mwaka 1840, aliyelipa gharama mara nyingi alikuwa mpokeaji. Tarishi alibisha hodi, akangoja fedha. Mwaka huo ilitoka stempu ya kwanza, na gharama ikalipwa na mwenye kupeleka. Basi tarishi hakuwa na haja ya kungoja tena, na watu wakaanza kutoboa tundu mlangoni apitishe barua aende zake. Huko Marekani Posta iliwalazimisha watu wa mijini mwaka 1923: asiye na kisanduku au tundu haletewi barua. Kwa hiyo sanduku la nyumbani ni mtoto wa stempu. Tena lina masharti mawili: barabara iwe na jina, na nyumba iwe na namba.

Kwetu masharti hayo hayakuwako, na historia ikashika njia nyingine. Wajerumani walijenga kituo chao Ujiji katika miaka ya 1890. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika ziwani mwezi wa Februari 1914, lakini haikuishia Ujiji. Iliishia Kigoma, penye maji ya kina kifaacho bandari. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka Kigoma, wakakaa mpaka 1921. Kisha wakaja Waingereza. Mwaka 1927 meli ya Wajerumani iliyozamishwa na wenyewe wakati wa vita, ikaopolewa, ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Barua iliyochukua mwaka mmoja sasa ilikwenda kwa gari la moshi siku chache tu, na vijiji vya ziwani vikaunganishwa kwa meli.

Gari la moshi lilileta barua mpaka Kigoma, lakini nani azifikishe Mwanga, Gungu, Kibirizi na Ujiji, kwenye nyumba zisizo na namba? Jawabu lilikuwa kulileta sanduku kwenye posta badala ya kuipeleka barua kwenye nyumba. Ndiyo maana ya S.L.P., yaani Sanduku la Posta: mlango mdogo wenye namba na kufuli katika ukuta wa posta, ambao hulipiwa kila mwaka. Karani hutia barua kwa nyuma, nawe hufungua kwa mbele kwa ufunguo wako.

Wasio na sanduku walitumia la mwingine: la shule, la misheni, la duka, la ofisi ya ndugu. Ulikuwa msaada mkubwa, nami siwalaumu wenye masanduku hayo. Lakini mwenye ufunguo ndiye ajuaye kwanza nani amekuandikia, na toka wapi. Bahasha huweza kukaa mezani kwa watu wiki mbili. Basi ukichagua kutumia sanduku la mwenzio, chagua mtu aendaye posta mara kwa mara, na asiyependa maneno. Ukiweza, shirikianeni jamaa watatu au wanne kulipia sanduku moja.

Mwaka 2022 serikali iliendesha kazi ya kuzipa barabara majina na nyumba namba. Postikodi za mkoa wetu wa Kigoma huanza na 47. Namba hiyo peke yake haimleti tarishi mlangoni. Hata hivyo ziko karatasi nyingi ambazo huletwa kwa mkono: ankara ya maji, taarifa ya mwenyekiti wa mtaa, kadi ya harusi. Hizo hupenyezwa chini ya mlango zikaliwa na mchwa. Kwa hiyo kisanduku cha nyumbani chafaa.

Mwambie fundi akutengenezee cha bati lililopakwa rangi, au cha mninga. Kifuniko kiwe mteremko, kitokeze mbele ya tundu, kwa sababu mvua zetu tokea Novemba hata Aprili hupiga kwa upepo. Tundu liwe na upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 3: bahasha ipite, mkono usipite. Toboa vitundu viwili chini maji yatoke. Kikaze ukutani kwa skrubu kutoka ndani, ili mwizi asione vichwa vyake, na kiwe kimo cha kifua. Andika namba ya nyumba kwa rangi. Ufunguo mmoja uwe wako, na wa pili umpe mtu mmoja tu nyumbani.

Zoezi. Chukueni daftari. Andika jina lako mstari wa kwanza. Kama sanduku si lako, mstari wa pili andika jina la mwenye sanduku. Kisha S.L.P. na namba, na mwisho KIGOMA kwa herufi kubwa. Mpe jirani yako asome kwa sauti. Akikwama mahali, paandike tena.